Nililipia programu ya kupanga albamu, kazi ikazidi kuchelewa

Barua

Mzee, pole na kazi.

Mimi ni mpiga picha hapa Tororo. Nina studio ndogo na kijana mmoja anayenishikia kamera ya pili. Harusi ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Wateja wanatoka Busia, Mbale, Iganga, hata Mukono na Kampala, na siku hizi karibu kila mmoja anataka albamu ya kurasa ngumu, ile inayolala wazi ukiifungua, sentimita 30 kwa 30. Picha za kwenye simu wanazipata, lakini albamu ndiyo inayowekwa sebuleni kwa wazazi.

Zamani nilikuwa napanga kurasa kwa Photoshop, jozi moja moja (kurasa mbili zinazotazamana): nafungua picha, naipunguza, naisogeza, nahifadhi. Jozi ishirini zilinimaliza. Ndipo nikalipia programu maalumu ya kupanga albamu. Kwenye video niliona mtu anavuta picha tano, zinajipanga zenyewe, na albamu nzima inaisha kwa kikao kimoja.

Kwangu haikuwa hivyo. Baada ya harusi tunakuwa na picha kama 2,000 kutoka kamera zote mbili. Nazichuja, nabaki na 600, kisha nazihariri zote katika programu ya Lightroom, moja baada ya nyingine: rangi, ngozi, vivuli, mandhari ya nyuma. Hapo mteja ameshaanza kupiga simu. Baadaye nazitoa zikiwa kubwa, naziingiza kwenye programu ya albamu, na leptopu yangu yenye memori ya gigabaiti 8 inaanza kuganda. Picha za kijana wangu zinaangukia pasipo pake: keki inakatwa kabla bibi harusi hajaingia kanisani. Nikimaliza namtumia bibi harusi, anafurahi. Anamwonyesha mama yake. Mama anauliza, ssenga (shangazi wa bibi harusi upande wa baba) yuko wapi? Narudi mwanzo.

Albamu ya juzi ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Kwa kuwa leptopu ilikuwa inaganda, mwenzangu alinishauri nipange kwa nakala ndogo, halafu mwishoni niweke kubwa mahali pake. Nilifanya hivyo. Kazi ilipotoka kwa mchapaji wa Kampala, jozi mbili zilikuwa na ukungu. Mahali pa picha ya mashemeji palikuwa na watoto wanaokula. Nyuso za babu na bibi zimekatwa katikati na mkunjo. Gomesi, lile vazi la heshima la wanawake, iliyokuwa nyekundu ya kuwaka kwenye skrini yangu imetoka imepauka. Mchapaji anasema alichapa alichopewa. Mteja anataka albamu nyingine bila malipo.

Mzee, niachane na programu hii nirudi Photoshop? Au kuna mahali inapotakiwa kuingia katika kazi ambapo mimi sijapaona? Mwezi ujao nina kwanjula (sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni) Mukono, na familia imeshalipa nusu.

Dada wa studio, Tororo

Jibu

Binti yangu, usirudi Photoshop. Programu uliyolipia inaweza kukusaidia sana, ila umeiweka mwisho wa kazi, baada ya kuhariri. Mahali pake ni katikati: baada ya kuchuja, na kabla ya kuhariri kwa kina. Ukiisogeza hapo, nusu ya matatizo uliyoandika yanaondoka yenyewe, na yaliyobaki yana dawa.

Tazama hesabu yako mwenyewe. Albamu ya jozi 20, kila jozi ikibeba picha nne au tano, inameza picha 80 hadi 100. Wewe umesafisha ngozi na mandhari ya picha 600. Hizo 500 zinazobaki mteja atazitazama kwenye simu, na kwa simu inatosha kulinganisha mwanga na rangi kwa mafungu: unarekebisha picha moja ya kanisani, unanakili marekebisho yake kwa zote zilizopigwa kwenye mwanga uleule, unaenda kwenye fungu linalofuata. Kazi ya mkono, ile ya kufuta waya wa umeme nyuma ya kichwa cha bwana harusi na kulainisha jasho kwenye paji la uso, isubiri mpaka ujue picha ipi imepata ukurasa. Hapo ndipo muda wako ulipokuwa unapotea, wala si kwenye kupanga.

Kwa hiyo mtiririko ninaokutakia ni huu. Ingiza picha, linganisha saa, zipe majina, chuja, rekebisha mwanga na rangi kwa mafungu, toa nakala nyepesi, panga albamu kwa nakala hizo, familia ikubali, hariri kwa kina zile zilizomo kwenye albamu tu, toa nakala kamili kwa majina yaleyale, ziweke mahali pa zile nyepesi, kagua, peleka kwa mchapaji. Sasa tukae kwenye hatua zilizokuumiza.

Kwanza majina, kwa sababu hapa ndipo mashemeji walipogeuka watoto wanaokula. Kamera mbili za kampuni moja huzipa picha majina yanayofanana. Nikon huandika DSC na tarakimu nne, Canon huandika IMG na tarakimu nne, na zikifika 9999 zinaanza upya. Yako na ya kijana wako zinaweza kabisa kuwa na picha mbili tofauti zenye jina moja. Programu ya albamu ilipokwenda kutafuta nakala kubwa, ilitafuta jina. Ikakuta jina, ikachukua. Haijui shemeji wala mtoto. Badilisha majina yote siku ileile unapoingiza picha kwenye kompyuta, kabla hujachuja hata moja: jina la harusi, tarehe, na namba inayofuatana kutoka ya kwanza hadi ya mwisho kwa kamera zote mbili pamoja. Baada ya hapo jina lisiguswe tena mpaka albamu imeshachapwa. Ukihariri picha kwenye Photoshop, usiache neno jipya liongezeke kwenye jina la nakala utakayoitoa mwishoni, maana programu itaiona kuwa ni picha nyingine.

Lakini kabla ya majina kuna saa. Keki inakatwa kabla ya kanisa kwa sababu programu hizi hupanga picha kwa muda zilipopigwa, na muda huo unatoka kwenye saa ya kamera. Saa ya kijana wako iko mbali na yako. Kwa harusi iliyokwisha kupigwa, Lightroom Classic inakuruhusu kuchagua picha za kamera moja na kusogeza saa yake zote kwa pamoja. Tafuta kwenye menyu ya Metadata. Chagua tukio moja ambalo nyote wawili mlilipiga, kwa mfano pete inapovishwa, uone tofauti ni dakika ngapi. Kwa harusi zijazo ni rahisi zaidi: asubuhi, kabla hamjaanza, wekeni saa za kamera zote mbili kwa saa ya simu moja, kisha kila mmoja apige picha moja ya skrini ya simu hiyo ikionyesha saa. Likitokea jambo, ushahidi upo.

Kuna mtego mwingine hapa. Unapotoa nakala kutoka Lightroom, kuna sehemu inayouliza taarifa gani zibaki ndani ya picha. Ukichagua ibaki haki miliki pekee, muda wa kupigwa unafutwa, na programu ya albamu haina tena cha kushika. Acha taarifa zote zibaki.

Kuhusu nakala nyepesi, mwenzako alikushauri vizuri, na kwa leptopu ya gigabaiti 8 hakuna njia nyingine ya maana. Upande mrefu uwe pikseli 2000 hivi. Picha 600 za ukubwa huo hazijazi hata sehemu ndogo ya diski yako, na programu itazisogeza bila kuganda. Lakini elewa kwa nini jozi mbili zilitoka na ukungu. Jozi yako ya sentimita 60 kwa 30, kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 7087 kwa 3543. Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukiitandaza jozi nzima unapata kama nukta 254 kwa inchi, na hiyo inachapika vizuri kabisa. Nakala nyepesi ya pikseli 2000 ikitandazwa hapohapo inakupa nukta 85. Huo ndio ukungu. Karibu nina hakika kwamba picha za jozi hizo uliziongeza baadaye, mama alipouliza habari za ssenga, na hazikuwemo kwenye folda ya nakala kamili. Programu haikuzipata, ikaendelea na nyepesi.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa albamu, hesabu: picha zilizomo kwenye albamu ni ngapi, na nakala kamili kwenye folda ni ngapi. Namba zilingane. Kisha fungua jozi zilizokamilika, moja moja, ukuze hadi asilimia 100 na utazame macho ya mtu. Uso ukiwa na miraba midogo midogo, rudi nyuma. Kazi hii haifanywi na msaidizi. Fanya mwenyewe, umekaa, umeme upo, simu umeizima.

Jambo jingine kuhusu kubadilisha nakala: ukikata picha upya katika Lightroom baada ya kuipanga, umbo lake linabadilika, na ndani ya fremu itahama au kichwa kitakatwa. Ukataji ufanyike kabla ya kutoa nakala nyepesi, au ufanyike ndani ya programu ya albamu. Katikati ya hapo usiguse.

Sasa nije kwenye lile linalonigusa zaidi, kwa sababu halipatikani kwenye video yoyote ya mafunzo. Programu nyingi za albamu zimetengenezwa na watu wanaofikiria harusi ya watu wawili: bibi harusi anavaa, kanisani, wanacheza, wanaondoka. Mifano yao ina picha moja kubwa ya maharusi na nafasi nyeupe pembeni. Kwanjula haiko hivyo. Kwanjula ni familia mbili zinazoonana. Kuna wasemaji wa pande zote mbili, kuna makundi yanayotoka kusalimia wageni, kuna ssenga anayekuja kumtambua bwana harusi kati ya wenzake, kuna muko, kaka wa bibi harusi, anayepokea jogoo wake, kuna foleni ya watu wenye vikapu vya zawadi. Ukiiachia programu ichague yenyewe, itakupa tabasamu nyingi za bibi harusi na itamwacha ssenga nje, maana alikuwa pembeni ya fremu. Mama aliyeuliza ssenga yuko wapi hakuwa msumbufu. Aliisoma albamu kama inavyosomwa kwetu: nani yupo, nani hayupo.

Tumia ule upangaji wa moja kwa moja kwa jozi moja baada ya nyingine, baada ya wewe kuamua picha zipi zinakaa pamoja. Hapo programu inafaa kweli: unaiwekea picha tano, inakuonyesha mipangilio kadhaa, unachagua. Lakini nani anaingia na nani anamfuata nani, hilo liamue wewe na familia.

Na makundi yape nafasi. Picha ya ukoo yenye watu 40 katika safu mbili, watu 20 kila safu, ukiiweka kwenye fremu ya sentimita 8, kila mtu anapata milimita nne. Hakuna mzee atakayejiona. Iweke kwenye jozi nzima ya sentimita 60, kila mtu anapata sentimita tatu, na babu atajitafuta na kujipata. Ila tazama mkunjo. Hata albamu inayolala wazi ina mstari katikati, na ile iliyogundishwa mgongoni kama kitabu cha kawaida humeza sehemu ya picha. Isogeze picha kushoto au kulia mpaka mkunjo upite kati ya watu wawili. Ikishindikana, acha ukurasa mmoja wazi na uweke kundi upande mmoja. Kwenye kingo pia, mchapaji hukata. Wengi wanataka picha ipite mstari wa kukata kwa milimita tatu, na mimi huacha nyuso na maandishi angalau sentimita moja ndani. Omba kiolezo cha vipimo kwa mchapaji wako kabla hujapanga jozi ya kwanza. Ukibadilisha mchapaji baada ya kupanga, tarajia kupanga upya.

Kukubaliwa kwa kazi. Usimtumie bibi harusi peke yake. Siku ya kulipwa nusu ya kwanza, muulize nani ana neno la mwisho kuhusu albamu, na umwandike kwenye makubaliano. Akikutajia mama, basi mama aone mapema. Tuma faili ya PDF nyepesi kwa WhatsApp kama hati, si kama picha, ili isibanwe zaidi, na kila jozi iwe na namba, ili wakuandikie "jozi ya 7, ongeza ssenga" badala ya kukupigia simu na kueleza kwa dakika ishirini. Marekebisho yawe duru mbili ndani ya bei. Ya tatu ilipiwe. Na ukumbuke, wakati huo hujahariri chochote kwa kina, kwa hiyo mama akibadilisha picha kumi hujapoteza usiku wako hata mmoja.

Gomesi yako nyekundu ina sababu mbili, na huenda zote zilikuwepo. Nguo zetu za satini zina rangi kali ambazo wino hauzifikii. Skrini inawaka, karatasi haiwaki. Hilo utalipunguza, hutalimaliza. Lightroom tangu toleo la 4 la mwaka 2012 ina njia ya kukuonyesha picha itakavyotoka kwenye karatasi, mradi mchapaji akupe wasifu wa rangi wa mashine yake, yaani faili inayoeleza rangi ambazo mashine hiyo inaweza kutoa. Sababu ya pili ni nafasi ya rangi, yaani kipimo ambacho faili hutumia kueleza rangi zake. Ukitoa picha katika Adobe RGB na mashine ya mchapaji ikaisoma kama sRGB, rangi zote zinapauka, hasa nyekundu na kijani. Muulize mchapaji anataka ipi. Akisita au akikwambia lolote sawa, toa sRGB. Punguza pia mwanga wa skrini yako. Skrini iliyowashwa hadi mwisho inakudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha, na albamu inarudi giza, kanzu nyeupe zimegeuka kijivu. Kabla ya kazi kubwa, chapa jozi moja ya majaribio yenye gomesi, kanzu na nyuso za watu. Kama uko Tororo na mchapaji yuko Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, iletwe na dereva wa matatu unayemwamini au uisubiri siku unayokwenda Kampala. Gharama ya jozi moja haifiki hata karibu na gharama ya albamu.

Umeuliza kama programu yenyewe inafaa. Hukuitaja jina, na sihitaji kulijua. SmartAlbums na Fundy Designer zimejengwa kwa kazi hii, na zinalipa kwa mtu mwenye harusi nyingi mfululizo. InDesign ni nzuri pale albamu ina maandishi mengi, lakini inachukua muda kuizoea. Lightroom Classic ina sehemu yake ya kitabu bila malipo ya ziada, ila vipimo vyake vimefuata vile vya Blurb, kampuni ya Marekani, na mchapaji wa hapa anaweza asiwe na kipimo hicho. Wewe tayari umelipia moja. Ifanyie kazi harusi mbili nzima kwa mtiririko mpya ndipo uamue kuendelea kuilipia.

Faida moja usiiache: ukishapanga albamu ya mraba ya sentimita 30, ile ya sentimita 20 kwa wazazi ina umbo lilelile. Kagua makundi na maandishi yasiwe madogo mno, kisha toa. Kila harusi ina wazazi pande mbili, na wengi watataka nakala yao ukiwaambia mapema.

Kuhusu albamu iliyoharibika. Kwenye albamu za kurasa ngumu jozi hugundishwa mgongo kwa mgongo, kwa hiyo kubandua mbili na kuweka nyingine mara nyingi hakuwezekani, inachapwa yote. Ilipie wewe. Ukungu, jina lililogongana na mkunjo vilitoka kwenye faili, na mteja hana la kulipa hapo. Mwambie tarehe ambayo una hakika nayo, hata kama ni ya mbali kidogo. Mwombe abaki na albamu ya kwanza mpaka ya pili ifike, asikae mikono mitupu wageni wakija. Na kabla ya kuchapa mpe mama yake PDF, aweke alama ya watu wote anaotaka kuwaona.

Kwa Mukono, anza wiki hii. Mpigie bibi harusi, omba majina ya ssenga, muko, wasemaji wote wawili, na wazee ambao lazima waonekane, pamoja na mtu mmoja wa familia atakayekuonyesha nani ni nani siku hiyo. Karatasi hiyo moja mpe kijana wako, nyingine ikae mfukoni mwako. Ukirudi Tororo, iweke kando ya leptopu wakati wa kuchuja, na usifute picha ya mtu aliye kwenye orodha mpaka awe na nyingine iliyo bora.